Kutoka Tanuri la Mhunzi hadi Betri ya Simu: Historia ya Oksidisho, Ridaksheni na Elektrokemia

Oksidisho na ridaksheni ni pande mbili za badiliko moja la kikemia. Katika oksidisho atomu hupoteza elektroni. Katika ridaksheni atomu nyingine huzipokea. Hakuna upande unaotokea bila mwenzake, kwa kuwa elektroni ikitoka mahali lazima ipate pa kwenda. Kuni zinapoungua, chuma kinaposhika kutu, mwili unapotumia chakula na betri inapowasha tochi, elektroni zinahama kutoka dutu moja kwenda nyingine. Elektrokemia ni tawi la sayansi linalochunguza uhamaji huo pale ambapo elektroni hupitishwa kwenye waya badala ya kutoka atomu hadi atomu papo kwa papo.

Maelezo hayo huandikwa leo kwa mistari michache, lakini kuyapata kulichukua karne nyingi. Watu walizoea kuyatumia mabadiliko haya muda mrefu kabla ya kuyaelewa, na walipoanza kuyaeleza waliyaeleza kwanza kwa moto, kisha kwa hewa, na mwisho kwa umeme.

Matanuri ya kale

Metali chache tu hukutwa ardhini zikiwa tupu. Dhahabu ni mojawapo, na ndiyo sababu watu waliijua mapema. Chuma karibu chote kimefungamana na oksijeni katika mawe mazito mekundu au meusi, na shaba hupatikana zaidi katika mawe ya kijani na buluu, au ikiwa imeungana na salfa. Kuitoa metali katika mbale yake ni kuirudishia elektroni ilizopoteza, na chombo cha kwanza cha kazi hiyo kilikuwa tanuri la mkaa.

Ndani ya tanuri mkaa ulifanya kazi mbili. Ulitoa joto, na ulipoungua mahali penye hewa haba ulizalisha kaboni monoksidi, gesi inayoiondoa oksijeni kwenye mbale. Kwa chuma badiliko hilo huandikwa hivi:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, lakini ridaksheni hii huanza kwenye joto la chini sana kuliko hilo. Kwa hiyo mhunzi hakulazimika kukiyeyusha chuma chenyewe. Alihitaji kuyeyusha uchafu wa mawe uliochanganyika nacho, utiririke na kujitenga kuwa mavi ya chuma, na nyuma yake libaki bonge la chuma lenye vitundu, tayari kwa nyundo na fuawe.

Magharibi mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Wahaya, chuma kiliyeyushwa kwa njia hii tangu takriban miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi na wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaukumbuka ufundi huo, wakajenga tanuri upya. Wazee walichimba shimo, wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa hadi kuwa makaa, kisha wakainua juu yake ukuta wa mviringo wa udongo wa kichuguu na vipande vya mavi ya chuma ya zamani. Mirija ya udongo ilipenyezwa chini ya ukuta hadi ndani kabisa ya tanuri, na hewa ikasukumwa humo kwa mivukuto. Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 1978. Walieleza kwamba hewa iliyopita ndani ya mirija iliyozungukwa na moto ilipata joto kabla ya kuufikia mkaa, na kwamba makaa ya matete yaliendelea kuiondolea oksijeni mbale iliyoyeyuka na kukipa chuma kaboni. Watafiti wengine wamebishania ukubwa wa athari ya hewa hiyo ya moto, lakini chuma chenye kaboni ya kiwango cha chuma cha pua kilipatikana kweli.

Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania walifuata njia nyingine. Walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto, kisha chuma kilichopatikana kikasafishwa tena katika tanuri dogo lililopulizwa kwa mivukuto. Huko Katanga, katika Kongo ya leo, mafundi waliyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wakaimimina shaba katika kalibu za umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikazunguka kama mali ya kubadilishania.

Mafundi hawa hawakuwa na nadharia ya oksijeni wala ya elektroni. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa kipimo: hewa ikipungua moto haufikii joto linalotakiwa, na hewa ikizidi chuma kilichokwisha kupatikana huungua tena. Maarifa ya namna hiyo yalikuwepo pia Asia na Ulaya, na ndiyo wanakemia wa mwanzo waliyojaribu kuyaeleza.

Flogistoni na tatizo la mizani

Mwanzoni mwa karne ya 18 maelezo yaliyokubalika Ulaya yalikuwa ya Mjerumani Georg Ernst Stahl, aliyeendeleza mawazo ya Johann Joachim Becher. Stahl alifundisha kwamba kila kinachoungua kina kitu kiitwacho flogistoni, na kuungua ni kuipoteza. Metali ikichomwa huipoteza, hubaki majivu. Majivu hayo yakichomwa pamoja na mkaa, ambao una flogistoni tele, huipata upya na metali hurejea. Kwa mara ya kwanza moto, kutu na kazi ya tanuri vilielezwa kwa kanuni moja, na ndiyo maana nadharia hiyo ilitawala kwa miongo mingi.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye mizani. Tayari mwaka 1630 daktari Mfaransa Jean Rey alikuwa ameandika kwamba bati likichomwa huongezeka uzito, akadhani sababu ni hewa. Kama kuungua kungekuwa kupoteza kitu, majivu ya metali yangepaswa kuwa mepesi kuliko metali yenyewe. Wafuasi wa Stahl walijibu kwa njia mbalimbali, na baadhi yao walifikia kudai kwamba flogistoni ina uzito hasi.

Lavoisier na oksijeni

Mwanakemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa wa kwanza kuipata gesi ya oksijeni, mwanzoni mwa miaka ya 1770, ila kitabu chake kilitoka mwaka 1777. Wakati huo Mwingereza Joseph Priestley alikuwa amekwisha kuipata kwa juhudi zake. Tarehe 1 Agosti 1774 alielekeza miali ya jua kwa lenzi kubwa kwenye unga mwekundu wa zebaki, akakusanya gesi ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Priestley aliieleza kama hewa isiyo na flogistoni. Oktoba mwaka huohuo alikuwa Paris, akamsimulia Antoine Lavoisier jaribio lake.

Lavoisier alikuwa mtu wa vipimo. Katika jaribio lake maarufu alitia aunsi 4 za zebaki ndani ya chupa yenye shingo ndefu iliyopindwa, mdomo wake ukatokeza ndani ya kengele ya kioo iliyosimamishwa juu ya beseni la zebaki. Hewa iliyofungiwa humo ilikuwa inchi za ujazo 50 hivi. Aliiweka zebaki hiyo karibu na kuchemka kwa siku 12. Siku ya pili chembe nyekundu zilianza kuonekana juu yake, zikaongezeka kwa siku kadhaa, kisha zikakoma kuongezeka. Hewa ilikuwa imepungua hadi inchi 42 au 43, na iliyosalia ilizima mshumaa. Akazikusanya chembe nyekundu, uzito wa greni 45 kwa kipimo cha wakati huo, akazichoma kwa moto mkali zaidi. Zilimpa greni 41.5 za zebaki na inchi 7 hadi 8 za gesi iliyochochea mshumaa uwake kwa mwanga mkali. Kilichopungua kwenye hewa ndicho kilichokuwa kimeingia kwenye zebaki, na ndicho kilichotoka tena.

Kwa hesabu hiyo flogistoni haikuhitajika. Kuungua kulikuwa kuungana na sehemu ya hewa, ambayo Lavoisier aliiita oksijeni, na kazi ya mkaa tanurini ilikuwa kuiondoa. Mwaka 1789 alichapisha Traité élémentaire de chimie, kitabu kilichoipanga kemia upya kwa msingi huo. Michoro ya vyombo vyake ilichorwa na mkewe, Marie-Anne Paulze, ambaye pia alimtafsiria maandishi ya Kiingereza. Pamoja na Pierre-Simon Laplace, Lavoisier alikuwa ameonyesha pia, kwa kupima joto na gesi iliyotolewa na mnyama mdogo, kwamba kupumua ni uunguaji wa polepole. Kazi yake ya ukusanyaji kodi za mfalme ndiyo iliyomponza: Mapinduzi ya Ufaransa yalimkata kichwa tarehe 8 Mei 1794.

Tangu hapo oksidisho lilimaanisha kuungana na oksijeni, na ridaksheni kuondolewa oksijeni. Maana hizo zilitosha kueleza tanuri na kutu, lakini hazikueleza nguvu inayoisukuma oksijeni kutoka dutu moja kwenda nyingine. Jibu lilitoka upande ambao haukutarajiwa.

Rundo la Volta

Huko Bologna, Luigi Galvani aliona kuwa mguu wa chura aliyekufa hushtuka unapoguswa na metali mbili tofauti zilizogusana. Mwaka 1791 alichapisha maoni kwamba umeme huo unatoka kwenye mwili wa mnyama. Alessandro Volta wa Pavia hakukubali. Aliona kwamba la muhimu ni tofauti ya metali na unyevu ulio kati yake, na kwamba mguu wa chura ulikuwa kipimo tu.

Ili kulithibitisha hilo Volta alimwondoa chura kabisa. Alipanga visahani vya fedha au shaba na vya zinki kwa zamu, na kati ya kila jozi akaweka kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa maji ya chumvi. Aliyegusa juu na chini ya rundo hilo kwa mikono yenye maji alipigwa na umeme, na alipoendelea kugusa umeme uliendelea kuja. Volta aliieleza kazi hiyo katika barua ya tarehe 20 Machi 1800 kwa Joseph Banks, rais wa Royal Society ya London. Kabla ya hapo umeme ulipatikana kwa kusugua, ukatoka kwa cheche moja na kwisha. Sasa palikuwa na mkondo usiokatika.

Habari zilipofika London, William Nicholson na Anthony Carlisle walitengeneza rundo lao. Mei 1800 walitumbukiza nyaya zake mbili ndani ya maji, wakaona gesi ikitoka kila upande: haidrojeni kwenye waya mmoja, na oksijeni kwenye mwingine. Maji yalikuwa yamegawanywa kwa umeme. Mchakato huo, yaani elektrolisisi, ulionyesha kwamba kinachozishika dutu pamoja kina uhusiano na umeme.

Volta mwenyewe aliamini kwamba kugusana kwa metali kunatosha kuleta umeme. Wengine waliona zinki ikilika kila rundo lilipofanya kazi, wakahoji kwamba umeme unatokana na badiliko la kikemia. Mabishano hayo yaliendelea kwa miongo kadhaa, na wa pili ndio waliokuwa karibu na ukweli: bila zinki kupata oksidisho, mkondo haudumu.

Davy, Faraday na hesabu ya umeme

Humphry Davy wa Royal Institution, London, aliigeuza elektrolisisi kuwa chombo cha kutafutia elementi. Potashi kali ilikuwa imeshindikana kugawanywa kwa moto wowote. Oktoba 1807 Davy aliiyeyusha na kupitisha ndani yake umeme wa betri kubwa. Vitone vidogo vinavyong’aa kama zebaki vikajitokeza upande hasi, vingine vikalipuka na kuwaka papo hapo. Ilikuwa potasiamu. Siku chache baadaye akaipata sodiamu kwa soda kali, na mwaka 1808 akaongeza kalisi, magnesi, bariamu na strontiamu. Metali hizi zinashikilia oksijeni kwa nguvu kuliko kaboni inavyoweza kuipokonya kwa urahisi, hivyo hakuna mhunzi ambaye angezipata kwa mkaa. Umeme ulikuwa ridaksheni yenye nguvu kupita tanuri.

Mwaka 1813 Davy alimwajiri kijana aliyekuwa amejifunza kazi ya kujalidi vitabu, Michael Faraday. Miaka 20 baadaye Faraday alipima kile ambacho mwalimu wake alikuwa amekionyesha. Aligundua kwamba kiasi cha dutu kinachotolewa na elektrolisisi hutegemea kiasi cha umeme uliopita, na kwamba umeme uleule hutoa dutu mbalimbali kwa uwiano maalumu wa uzito wake wa kikemia. Kwa vipimo vya leo, kulomu 96,485 hutosha kutoa gramu 107.9 za fedha, gramu 31.8 za shaba au gramu 9 za alumini. Tofauti inatokana na idadi ya elektroni ambazo kila ioni inazihitaji: ya fedha moja, ya shaba mbili, ya alumini tatu.

Mwaka 1834 Faraday, akishauriwa na msomi William Whewell, alitoa msamiati ambao elektrokemia inautumia hadi sasa. Elektroliti ni dutu inayopitisha umeme kwa ioni zinazosafiri ndani yake. Elektrodi ni mahali umeme unapoingia au kutoka. Anodi ni elektrodi ambayo oksidisho hutokea kwake, na kathodi ni ile ya ridaksheni. Kanuni hiyo haibadiliki, ila alama hubadilika: katika betri inayotoa umeme anodi ni upande hasi, na katika elektrolisisi anodi ni upande chanya.

Seli zinazodumu

Rundo la Volta lilichoka haraka. Vipovu vya haidrojeni vililundikana juu ya shaba, vikaziba njia ya umeme. John Frederic Daniell wa King’s College, London, alilitatua jambo hilo mwaka 1836 kwa kuutenga kila upande. Zinki ilikaa katika elektroliti yake, na shaba katika myeyusho wa salfeti ya shaba. Kati ya pande hizo, katika seli zake za kwanza, aliweka umio wa ng’ombe, kiwambo kinachopitisha ioni bila kuruhusu miyeyusho kuchanganyika ovyo. Baadaye umio ulibadilishwa na chungu cha udongo chenye vitundu vidogo.

Ndani ya seli hiyo mabadiliko mawili hutokea mbalimbali lakini kwa wakati mmoja:

Anodi: Zn → Zn²⁺ + 2e⁻
Kathodi: Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Kipande cha zinki kikitumbukizwa moja kwa moja kwenye salfeti ya shaba, mabadiliko hayo hutokea hapohapo: rangi ya buluu hufifia, zinki huvikwa shaba, na nguvu yote huishia kuwa joto. Daniell alizitenga nusu mbili, elektroni zikawa hazina njia ila waya wa nje, na njiani humo zikaweza kufanyishwa kazi. Seli ilitoa volti 1.1 bila kushuka haraka, ikawa tegemeo la simu za maandishi. Betri za kikemia za aina hiyo na zilizofuata ndizo zilizoendesha mawasiliano ya telegrafu ya karne ya 19, karne ambayo kebo ya baharini iliiunganisha Zanzibar na Aden mwaka 1879.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi ya salfuriki, ya kwanza kuweza kuchajiwa tena na tena kwa manufaa. Inapotoa umeme, risasi ya upande hasi hupata oksidisho na oksidi ya risasi ya upande chanya hupata ridaksheni, na zote mbili huishia kuwa salfeti ya risasi. Asidi hutumika na maji huzalishwa, hivyo maji ya betri huwa mepesi kadiri chaji inavyoisha. Ndiyo sababu fundi huweza kuijua hali ya betri ya gari kwa kuelea kwa haidromita. Kila seli hutoa volti 2 hivi, na seli sita hufanya betri ya volti 12. Kuichaji ni kuyarudisha mabadiliko yote nyuma kwa umeme wa nje. Ikiachwa muda mrefu bila chaji, salfeti hugeuka fuwele ngumu zisizorudi kirahisi.

Betri ya redio na tochi inatokana na seli ya Georges Leclanché ya mwaka 1866, ambayo Carl Gassner aliigeuza kuwa kavu katika miaka ya 1880 kwa kuifanya elektroliti uji mzito. Kopo la zinki ndilo anodi, na katikati kuna kijiti cha kaboni kilichozungukwa na oksidi ya manganisi. Kopo lenyewe ndilo linalolika. Betri iliyokwisha ikisahauliwa ndani ya redio, zinki hutoboka, uji hutoka na kuharibu springi.

Shaba, alumini na viwanda

Umeme ulipopatikana kwa wingi, elektrolisisi ikahamia viwandani. James Elkington wa Uingereza aliisajili mwaka 1865 njia ya kusafisha shaba. Bamba la shaba chafu huwa anodi na bamba jembamba la shaba safi huwa kathodi. Shaba huyeyuka kutoka bamba la kwanza na kutua kwenye la pili, na dhahabu na fedha, ambazo hazikubali oksidisho kirahisi, huanguka chini kama tope linalouzwa kwa faida yake. Shaba ya nyaya za umeme husafishwa hivyo hadi leo. Katanga nayo iliingia katika mkondo huo mwishoni mwa miaka ya 1920, kiwanda cha Shituru huko Likasi kilipoanza kuitoa shaba kwa umeme kutoka kwenye mawe yaliyoyeyushwa kwa asidi.

Alumini ilikuwa na historia tofauti. Ni metali iliyojaa kuliko zote katika tabaka la juu la dunia, lakini katikati ya karne ya 19 ilikuwa ghali mno, kwa kuwa ilipatikana kwa kutumia sodiamu. Mwaka 1886 vijana wawili waliozaliwa mwaka mmoja, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, waligundua njia moja bila kujuana. Oksidi ya alumini huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, lakini huyeyushwa ndani ya kriolaiti ya moto kwenye nyuzi 950 hivi, na umeme ukipita humo alumini hukusanyika chini. Anodi za kaboni huungana na oksijeni na kulika. Kila kilo moja hugharimu umeme wa kilowati-saa 13 hadi 15, na ndiyo sababu viwanda vya alumini hufuata umeme wa bei nafuu. Bei yake ikashuka hadi metali iliyokuwa ya anasa ikawa ya sufuria.

Kutu na kinga yake

Kutu ni betri isiyotakiwa. Tone la maji likikaa juu ya chuma, sehemu moja ya chuma huwa anodi na kuyeyuka, elektroni hupita ndani ya chuma chenyewe hadi sehemu nyingine, na huko hupokelewa na oksijeni pamoja na maji. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, hivyo paa la mabati Mombasa au Tanga huoza mapema kuliko lililo bara mbali na bahari.

Davy alikuwa wa kwanza kuitumia elektrokemia dhidi ya ulaji huo. Mwaka 1824 alipendekeza shaba iliyovikwa matumbo ya meli za kivita za Uingereza ifungwe vipande vya zinki au chuma. Shaba ilikoma kulika, kwa sababu zinki ililika badala yake. Lakini shaba isiyolika haikutoa tena sumu ya kuwafukuza viumbe wa baharini, magamba na mwani vikaota, na meli zikawa nzito. Kanuni hata hivyo ilikuwa sahihi, na leo meli za chuma hufungwa vipande vya zinki au alumini vya kulika kwa niaba yake.

Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alisajili njia ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyuka, na humo ndimo yalimotoka mabati ya kuezekea. Bati la kuezekea likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni huendelea kukilinda chuma. Kopo la chakula lililopakwa metali ya bati halina bahati hiyo: bati hushikilia elektroni zake kuliko chuma, hivyo mkwaruzo mmoja hukifanya chuma kiwe anodi na kishike kutu haraka.

Elektroni na jedwali la volti

Mwaka 1889 Walther Nernst alionyesha jinsi volti ya seli inavyotegemea wingi wa dutu zilizomo, na metali zikapangwa kwa namba. Haidrojeni ikipewa sifuri, lithi ina volti −3.04, zinki −0.76, chuma −0.44, shaba +0.34 na fedha +0.80. Iliyo chini zaidi ya sifuri hutoa elektroni kwa wepesi. Iliyo juu huzipokea. Volti 1.1 ya Daniell ni tofauti tu kati ya shaba na zinki. Orodha hiyohiyo inaeleza kwa nini dhahabu, iliyo juu kabisa, hukutwa tupu miambani.

Mwaka 1897 J. J. Thomson alitambua elektroni, na katika karne ya 20 maana za zamani zikapanuka. Chuma kinapoungana na klorini hakuna oksijeni, lakini chuma hupoteza elektroni vilevile, basi nacho kimepata oksidisho. Oksijeni ikawa mpokeaji mmoja kati ya wengi. Flogistoni haikurudi, ingawa Stahl alikuwa amehisi jambo la kweli: kwamba metali inapoungua kuna kitu inachokitoa na tanurini inakipata upya.

Lithi

Kwa kuwa lithi iko chini kabisa ya jedwali na ni nyepesi kuliko metali zote, ilikuwa wazi kwamba betri yake ingebeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Tatizo ni kwamba hupata oksidisho haraka ikikutana na maji, na inapochajiwa huota sindano zinazoweza kuunganisha elektrodi mbili na kuleta moto. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham alionyesha kwamba ioni za lithi zinaweza kuingia na kutoka kati ya tabaka za dutu nyingine. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake huko Oxford walipata kathodi ya oksidi ya kobalti, na mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani aliondoa lithi tupu na kutumia kaboni upande wa pili. Sony iliziuza betri hizo kuanzia 1991, na wanasayansi hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Simu inapotumika, ioni za lithi hutoka kwenye grafiti na kwenda kwenye oksidi ya kobalti kupitia elektroliti, na elektroni hufuata njia ya nje kuiendesha simu na kuipa kobalti ridaksheni. Ikichomekwa kwenye umeme, vyote hurudi vilikotoka. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, kuzunguka Kolwezi, katika ukanda uleule wa mawe ya shaba wa Katanga. Betri nyingi mpya, hasa za magari na za umeme wa jua, sasa hutumia chuma na fosfeti badala ya kobalti. Hutoa volti pungufu kidogo, lakini ni nafuu na hustahimili joto zaidi, na kazi ya ndani ni ileile: upande mmoja hutoa elektroni, mwingine huzipokea, na katikati kuna elektroliti inayopitisha ioni peke yake.